Studio za Usanifu Tunazozienzi na Kazi Yao ya Karatasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameletwa na watu wanaopita kwenye karakana yetu ya uchapaji hapa Kisumu: wanafunzi wa politekniki, makatibu wa shule, wenye maduka, na vijana wanaotengeneza mabango kwa simu. Ukutani tumebandika kazi za studio za mbali, na kila anayeingia huuliza jambo. Majibu ni yetu wenyewe, na mapenzi yetu kwa kazi hizi hatuyafichi.

Studio ya usanifu wa michoro hufanya nini hasa?

Huamua jinsi taasisi itakavyoonekana kila inapokutana na watu. Nembo imo, lakini imo pia fonti, yaani mtindo wa herufi, ya barua, rangi ya bahasha, mpangilio wa tiketi, bango la langoni na mgongo wa kitabu. Hayo yote kwa pamoja ndiyo tunayoyaita utambulisho. Nyingi ya studio tunazozipenda ni ndogo: watu watatu au wanne, na mchapaji mmoja wanayemwamini.

Mteja wangu wa mtaa wa Kondele anataka kadi za harusi kesho asubuhi. Studio za Amsterdam zinanisaidia nini?

Zinakufundisha kuweka kanuni kabla ya kuchora. Harusi moja ya kwetu huzaa kadi ya mwaliko, kadi ya mchango ya kamati, ratiba ya ibada, bango la ukumbini na karatasi ya kubandika kwenye kioo cha gari. Ukichora kila moja kivyake utakesha, na mwishowe zitaonekana ni za harusi tano. Ukiamua mwanzoni kwamba ni fonti moja, saizi mbili, rangi moja na pambizo la kushoto lisilobadilika, kadi ya kwanza itakuchukua jioni nzima na zilizobaki zitakwenda upesi. Wenzetu wa Amsterdam hufanya hivyohivyo, ila wateja wao ni makumbusho na mabenki.

Mkilazimishwa kutaja studio moja tu, ni ipi?

Experimental Jetset ya Amsterdam. Marieke Stolk, Erwin Brinkers na Danny van den Dungen waliianza mwaka 1997, na miaka yote hiyo wametumia fonti chache mno, Helvetica ikiwa mbele, fonti iliyotoka Uswisi mwaka 1957. Wapo wanaoona huo ni uvivu. Sisi tunauona ujasiri. Ukijinyima mapambo unabaki na nafasi, ukubwa na mpangilio, na kosa lolote hapo linaonekana.

Kazi yao ya kuitazama kwa utulivu ni utambulisho wa Whitney Museum of American Art ya New York, uliotoka mwaka 2013. Herufi W imechorwa kwa mstari mwembamba uliokunjwa mara tatu, na umbo lake hubadilika kufuata nafasi iliyopo. Bango likiwa na picha ndefu ya mchoro, W inajibana na kusimama kando yake. Picha ikiwa pana, W inajinyoosha chini yake. Hakuna W moja rasmi ambayo mtu ataikata na kuibandika. Kilicho rasmi ni namna ya kuichora. Kampuni nyingi za hapa huogopa nembo yao ikiguswa hata milimita. Whitney walikubali yao iguswe kila siku, na bado ukiiona mara ya pili unaitambua.

Hao hao ndio waliotoa mwaka 2001 fulana yenye majina manne tu ya wanamuziki wa Beatles, John, Paul, Ringo na George, kila jina kwenye mstari wake na alama ya & mwishoni, isipokuwa la mwisho. Nenda soko la Kibuye siku ya Jumapili upekue marundo ya mitumba. Utakutana na fulana za mtindo huo zenye majina ya wachezaji, ya miji, hata ya vyakula. Chanzo ni hiyo ya 2001.

Na Pentagram? Si kila mtu huitaja?

Huitaja kwa haki. Ilianzishwa London mwaka 1972 na watu watano: Alan Fletcher, Theo Crosby, Colin Forbes, Kenneth Grange na Mervyn Kurlansky. Kabla ya kazi zake, tunaupenda muundo wake: inamilikiwa na wabia wenyewe, haina bosi mkuu, kila mbia ana kikundi chake na wateja wake, na faida hugawanywa sawa. Aliyekulia kwenye familia ya wanachama wa ushirika anauelewa mpangilio huo bila kuelezwa.

Katika kazi zake, tafuta kwanza mabango ya Public Theater ya New York, ambayo Paula Scher, mmoja wa wabia wa Pentagram, alianza kuyasanifu mwaka 1994. Herufi nene na nyembamba zinabanana kwenye mstari mmoja, kwa mtindo uliotokana na herufi za mbao za wachapaji wa zamani, na maneno yanapanda, yanalala, yanapinda pembeni mwa uso wa mwigizaji. Mabango ya mikutano ya injili na ya bendi za benga yanayobandikwa Kondele yana nguvu ileile. Kinachokosekana kwetu mara nyingi ni mtu wa kuamua ni neno lipi lipige kelele na lipi linyamaze. Kwenye bango letu yote hupiga kelele pamoja.

Kwa nini Mastercard waliondoa jina kwenye nembo yao?

Kwa sababu walikuwa tayari wanatambulika bila hilo jina. Duara mbili, nyekundu na ya manjano, zimetumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Pentagram wakazisafisha mwaka 2016, na mwaka 2019 jina likatolewa. Duka lililofunguliwa mwaka jana lisijaribu hivyo.

Inakuwaje nembo iuzwe mamilioni wakati hapa mjini nachorewa kwa elfu mbili?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo ina haki yake. Nembo ya Olimpiki ya London 2012, iliyosanifiwa na kampuni ya Wolff Olins na kuzinduliwa mwaka 2007, iligharimu pauni 400,000, na Waingereza wengi waliipokea kwa matusi. Lakini pesa hiyo haikulipia mchoro mmoja. Ililipia namna ya kuitumia nembo hiyo kwenye tiketi, sare, mabasi, viwanja, runinga na bidhaa za wafadhili, kwa rangi tofauti, na mikononi mwa watu wengi wasiojuana.

Kisa kingine ni cha Paula Scher na benki ya Citi mwaka 1998, kampuni mbili zilipoungana. Wazo la nembo, herufi t iliyogeuka mpini wa mwavuli chini ya tao jekundu, alilichora kwenye karatasi ya kupangusia mikono wakati wa mkutano. Dakika chache. Watu hukisimulia kuonyesha kwamba kazi hii ni rahisi. Wanasahau miaka mingi iliyouzoeza mkono huo. Wanasahau pia kazi ndefu iliyofuata, ya kuitoa ile karatasi ya mkononi na kuifikisha kwenye kila tawi na kila kadi.

Kwa hiyo ukitozwa elfu mbili, uliza unapewa nini. Ukipewa picha moja ya kutuma kwa simu, bei ni ya haki. Ukitaka faili safi la kuchapika, rangi zilizoandikwa namba zake, nembo ya rangi moja kwa ajili ya muhuri, na mfano wa barua na risiti, usitarajie bei hiyo.

Kazi ya karatasi ina maana gani siku hizi, kila kitu kikiwa kwenye simu?

Jibu letu ni kijitabu cha mazishi. Hakuna chapisho linalotunzwa zaidi katika nyumba za Nyanza na Magharibi. Kalenda hutupwa Januari, gazeti hufungia omena, lakini kijitabu chenye wasifu wa mama hukaa kwenye droo pamoja na vyeti vya shule. Wajukuu watajua sura yake kutoka humo. Ndiyo maana hutuuma kukiona kimetengenezwa haraka: mawingu na njiwa nyuma ya maneno, kivuli kwenye kila herufi, risala ya mjane imepachikwa juu ya uso wa marehemu.

Hapa ndipo Irma Boom anapotufaa. Ni msanifu wa vitabu wa Uholanzi. Mwaka 1996 alimaliza kitabu cha miaka mia moja ya kampuni ya SHV, kazi iliyomchukua miaka mitano: kurasa 2,136, na hakuna hata namba moja ya ukurasa wala faharasa, ili msomaji asafiri humo na kugundua mambo kwa kupotea. Mwaka 2006 alisanifu kitabu kuhusu mfumaji Sheila Hicks ambacho kingo za kurasa zake zimekatwa zikawa na nyuzinyuzi, ukishika unahisi pindo la kitambaa. Kabla ya kazi yoyote hutengeneza kwa mikono yake kitabu kidogo sana cha mfano, kinachoenea kiganjani, aone mfululizo wa kurasa kabla hajagusa maelezo madogo madogo.

Hilo la mfano unaweza kulifanya leo hii mezani. Chukua karatasi nne za A4, zikunje katikati, zichomeke moja ndani ya nyingine: umepata kurasa 16 za A5. Andika kwa kalamu kila ukurasa ubebe nini. Kava, ratiba, wasifu, watoto, mjane, ndugu, wajukuu, kanisa, shukrani. Utaona mara moja kwamba katikati, pale penye pini, kuna kurasa mbili zinazofunguka zikiwa karatasi moja. Hapo weka picha kubwa kuliko zote, bila neno juu yake. Kwa kuwa karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa nne, idadi lazima igawanyike kwa nne. Familia ikileta risala ya ziada usiku wa manane, usibane herufi zikawa za punje. Ongeza karatasi moja, upate kurasa nne za kupumulia. Picha ya zamani ya rangi nyeusi na nyeupe iache ilivyo. Na kila risala ianze mahali palepale kwenye ukurasa, ili msomaji anayelia asitafute.

Nimesikia wasanii wa Ulaya wanatumia mashine ya riso. Ni ile ile ya kuchapia mitihani?

Ni ile ile. Wengi hawaamini tunapowaambia. Risograph ni mashine ya Kijapani ya kampuni ya Riso, na shule nyingi za huku kwetu zinayo kwa sababu ikishatengeneza masta, nakala mia tano zinatoka kwa dakika chache na kwa gharama ndogo. Kazi yake ni hivi: mashine huchoma matundu madogo mno kwenye karatasi nyembamba iitwayo masta, masta inajivika kwenye ngoma iliyojaa wino, kisha ngoma inazunguka na wino unapenya kwenye matundu hadi kwenye karatasi inayopita chini. Kila rangi ina ngoma yake. Ukitaka rangi mbili, unapitisha karatasi mara mbili, na mara ya pili haitakaa sawasawa kabisa na ya kwanza.

Mwalimu wa mitihani haoni shida, maana anatumia nyeusi tu. Wasanii nao waliupenda huo mpishano mdogo wa rangi, na wino mzito unaoonekana umelazwa kwa mkono. Knust ya Nijmegen, Uholanzi, na Hato Press ya London wamefanya vitabu na mabango ya ajabu kwa mashine hizi. Rangi moja ikilala juu ya nyingine huzaa ya tatu, kwa hiyo kwa ngoma mbili unapata rangi tatu.

Ukitaka kujaribu, zungumza kwa heshima na katibu wa shule wakati wa likizo, nunua masta na karatasi zako mwenyewe, na tumia karatasi ya kawaida isiyong'aa. Wino wa riso hukauka kwa kunywewa na karatasi. Kwenye karatasi inayong'aa utachafua vidole wiki nzima. Kama ngoma ni nyeusi pekee, chapia kwenye karatasi za rangi. Nyeusi kwenye waridi au kijani hafifu inapendeza sana, na hakuna atakayedhani ni mtihani.

Sina mashine yoyote. Nifanyeje?

Tazama kazi za Karel Martens, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1939, mmoja wa walioanzisha chuo cha Werkplaats Typografie mjini Arnhem mwaka 1998. Kwa miaka mingi amekuwa akipaka wino vyuma alivyookota, washa za bolti, bamba zenye matundu, vipande vya mitambo, na kuvichapa kimoja kimoja juu ya kadi zilizokwisha kutumika za kumbukumbu za makumbusho. Rangi moja kwa siku, ikauke, kesho nyingine. Mafundi wa jua kali wa Kibuye wanatupa vyuma vya namna hiyo kila jioni. Wino wa uchapaji, rola ndogo na kijiko cha kusugulia nyuma ya karatasi vinatosha kuanza.

Mbona yote ni Ulaya na Marekani?

Sio yote. Garth Walker wa Durban alianzisha jarida la i-jusi mwaka 1995, nchi yake ikiwa ndiyo kwanza imetoka kwenye ubaguzi wa rangi, akiuliza usanifu wa Afrika Kusini mpya uonekaneje. Baadaye alichora fonti ya Mahakama ya Katiba ya Johannesburg. Saki Mafundikwa aliacha kazi New York akarudi Harare mwishoni mwa miaka ya 1990 kuanzisha chuo cha ZIVA, na amefanya kazi kubwa ya kuonyesha ulimwengu mifumo ya maandishi ya Kiafrika.

Na kabla ya hao wote kulikuwa na leso. Familia ya Kaderdina ya Mombasa, iliyoanza biashara mwaka 1887, imekuwa ikitoa leso zenye alama ya Mali ya Abdulla: pindo, mji, jina. Kanuni tatu, na kila leso ni mpya. Wanaodhani utambulisho wenye kanuni ni jambo la Waholanzi hawajaitazama leso ya mama yao vizuri.

Huku kwetu, nenda Dunga, ufukweni mwa ziwa, utazame majina yaliyopakwa ubavuni mwa mashua. Mwandishi ametumia rangi za mafuta na brashi, juu ya mbao iliyopinda, na herufi zimefuata mkunjo wa mashua bila kupotea. Tumewapeleka wanafunzi hapo mara nyingi kuliko mahali pengine popote.

Karatasi ya kutumia naichaguaje?

Kwa kuishika kwanza, kisha kwa namba. Saizi za A zilipangwa Ujerumani mwaka 1922: A0 ina mita moja ya mraba, na kila ukikunja katikati unapata saizi inayofuata yenye uwiano uleule. A4 ni sehemu ya 16 ya A0. Kwa hiyo karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ikiwa A4, ina uzito wa gramu 5. Hesabu hiyo ina faida: kijitabu cha kurasa 16 za A5 kwa karatasi ya gramu 130 ni kama gramu 32, na nakala 500 ni kilo 16, mzigo wa bodaboda moja.

Kwa kurasa za ndani, gramu 100 hadi 130 isiyong'aa. Kadi ya biashara, 300. Karatasi inayong'aa wateja huiona ni ya heshima, lakini chini ya hema, jua likiwaka, mwanga hurudi machoni na maneno hayasomeki.

Webuye ilikuwa na kiwanda chake cha karatasi, Pan African Paper Mills, kilichoanza uzalishaji miaka ya 1970, kikafungwa mwaka 2009, kisha kikauzwa mwaka 2016. Kwa mchapaji wa magharibi hilo lilikuwa pigo. Karatasi nzuri nyingi sasa huja kwa meli hadi Mombasa, na safari hiyo yote imo ndani ya bei.

Fonti ya bure niliyopakua inaharibika nikiandika Kiswahili au Kiluo. Kwa nini?

Kwa kawaida tatizo ni ile alama ya ng'. Alama iliyonyooka inaacha pengo baya kabla ya herufi inayofuata. Tumia ile iliyopinda, kisha vuta nafasi kwa mkono. Jambo la pili ni urefu: maneno yetu ni marefu, yamejaa a, k, u na w, na kichwa kilichotoshea kwa Kiingereza kitavunjika. Ijaribu fonti kwa jina la kanisa lako au la chama chenu kabla hujaipenda.

Mchapaji anataka faili la namna gani?

PDF yenye rangi nne za uchapaji, picha za nukta 300 kwa inchi, na rangi ya ukingoni ipite mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande. Maneno madogo yawe ya wino mweusi peke yake. Na omba nakala moja ya majaribio kabla ya mia tano. Mchapaji anayekataa kuitoa, muage.

Naruhusiwa kuiga kazi za studio hizi?

Iga chumbani. Kunakili bango zima kwa mkono ni njia bora ya kuelewa kwa nini pambizo lilikaa pale. Ila usimuuzie mteja nembo ya mtu mwingine, kwa sababu hasara itamwangukia yeye: akienda kusajili alama yake ya biashara katika Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya, KIPI, atagundua kwamba ina mwenyewe, na mabango ameshachapa. Tafuta kwenye orodha ya KIPI kabla ya kumwonyesha mchoro wa mwisho, na umwachie mteja barua inayosema kazi ni yake.